Nyuzi Nilizozipandisha

Mwanangu Koleta,

Sikuulizi hali kwa sababu naijua. Umetoka hapa sasa hivi na Bibi kwenda kuaga majirani, umevaa sketi mpya aliyoituma mama yako, na ulipopita mlangoni hukunitazama. Ni saa nane mchana. Mtarudi kabla jua halijazama kwa sababu Bibi hapendi kupita kwenye migomba gizani. Muda wangu wa kuandika ni huo tu, na kesho asubuhi unapanda gari kwenda Nyarubungo kwa mama yako.

Mambo ya sabuni, madaftari na kumwamkia baba yako wa kambo, Bibi ameshayasema, mengine mara tatu. Mimi hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja ninalopaswa kukuambia kabla hujaondoka. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu Jumapili, na kila nilipoanza nilijikuta nakuuliza kama umekula.

Watu wakisikia nakuita mwanangu hucheka. Nina miaka kumi na tisa, wewe kumi na tatu. Lakini dada yangu alipokuacha hapa Mbuba ulikuwa na miaka mitatu na mimi tisa, na mgongo wa Bibi ulikuwa umeshakataa mzigo. Mgongo uliobaki ulikuwa wangu. Siku za soko, Bibi akienda kuuza ndizi, nilikwenda nawe hadi shuleni, na mwalimu aliniruhusu nikae nyuma kabisa, karibu na mlango, ili ukilia nitoke. Hapo ndipo nilipozoea kukaa nyuma. Sikulaumu. Nilipapenda. Mtu wa nyuma haulizwi maswali.

Ndiyo maana nilipoona gitaa la besi kwa mara ya kwanza nilidhani limetengenezwa kwa ajili yangu. Unakumbuka Kaka Sabas alivyokuja kufungua karakana yake ya kuchomelea pale senta? Mchana alitengeneza mageti, jioni alifungulia roki kutoka kwenye kadi ya simu yake hadi wazee wakasema anaita mashetani. Alikuwa na gitaa lake la solo, na hilo jekundu la besi lililochubuka rangi, ambalo watu wa kigango fulani cha kanisa walimwachia baada ya kununua jipya. Fili wa bodaboda alipiga ngoma. Walikosa mtu wa besi. Nilikuwa kidato cha pili, nimepeleka jembe kuungwa, nikasimama kulitazama lile gitaa kwa muda mrefu mno.

"Unalijua hilo?" Sabas akaniuliza.

"Hapana."

"Vizuri. Wanaojua wote wanataka kupiga solo. Shika."

Nililipenda kwa sababu lilikuwa zito na kwa sababu hakuna aliyelitazama. Mpiga besi husimama karibu na ngoma, anaweza hata kuwapa watu mgongo, na wimbo unakwenda. Akinyamaza, watu hawajui kilichokosekana, wanajua tu kwamba wimbo umelegea. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ya mbinguni. Miezi miwili vidole vilikuwa malengelenge, wewe ukanipaka mafuta ya samli na kunipulizia kama mtoto aliyeungua. Kisha sugu zikaota, na nilijivunia sugu zile kuliko cheti chochote nilicholeta nyumbani.

Nilifanya makosa mengi ya vyombo, na uliyaona yote. Sabas alipokwenda Mwanza kununua vyuma aliniambia nichague: amplifaya kubwa yenye spika pana kama sinia, au ile ndogo ya kuchaji. Nilichagua kubwa. Nilitaka mara moja tu maishani mwangu nisikike bila kupaza sauti. Ilipofika, ikawa kila mashine ya kusaga ya hapa senta ikiwashwa, umeme unapungua na amplifaya inazima. Tulikuwa tunapiga, naona vidole vyangu vinakwenda, sisikii kitu. Fili akasema, "Dada Editha, wewe unapiga besi ya kiroho. Inasikika mbinguni tu." Alicheka, na mimi nikacheka, na moyoni nilitaka kulia. Nilipaswa kuchagua kile kinacholingana na umeme wa kwetu. Nilichagua kile nilichokiona kwenye video.

Kosa lililofuata lilizaliwa humo. Kwa kuwa amplifaya haikufaa, siku ya mazoezi kanisani nilichomeka besi kwenye spika za kwaya. Spika za kwaya zimezoea sauti za watu na kinanda, hazikuzoea uzi mnene kuvuma ndani yake. Nilipiga kwa dakika chache, koni ya ndani ya spika ikapasuka, ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Nikachomoa, nikakunja waya, nikatoka. Jumapili ilipokoroma tena, mzee wa kanisa alimfuata Fili, kwa sababu Fili ndiye mwenye kelele, na Fili akazuiwa kuingia na ngoma zake kanisani hadi Pasaka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Sikusema neno.

Wewe ulikuwa na miaka kumi, umekaa kwenye benchi la mwisho siku ile nilipochomeka. Uliniona. Nawe hukusema. Usiku wake uliniambia, "Mama mdogo, sitamwambia mtu," kana kwamba unanipa zawadi. Nami nikaipokea. Ningekushika mkono twende wote kwa mzee wa kanisa, leo ungekuwa mtu mwingine, na mimi pia.

Hapa watu husema msichana mwenye aibu ana adabu. Wamenisifia hivyo tangu nikiwa mdogo: Editha mpole, Editha haongei. Nimekaa nikaifikiria aibu yangu, Koleta, na mara nyingi si adabu. Ni mahali pa kujificha. Mtu aliyejificha anaweza kufanya ubaya mkubwa na bado akaitwa mpole.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mwaka jana, wiki ya mitihani yangu ya majaribio ya kidato cha nne, nilirudi mapema kutoka shule. Nilipofika nyuma ya jiko nikasikia besi. Ilikuwa ndogo sana, ile sauti ya gitaa lisilochomekwa popote. Ulikuwa unapiga ule wimbo wa Sabas wa polepole, ule uliokuwa ukinishinda pale katikati unapopanda. Hukushindwa. Nilichungulia. Ulikuwa umekaa juu ya gunia la maharage, umefumba macho, umeegemeza kidevu kwenye pembe ya gitaa ili sauti ipite kwenye mfupa uisikie. Hakuna aliyekufundisha hilo. Mimi niliyekuwa na amplifaya sikuwahi kufikiria kulisikiliza kwa mfupa.

Mama wa kweli angefurahi. Nataka uamini kwamba kwa muda mfupi nilifurahi. Halafu nikahisi baridi. Nilikuwa na kitu kimoja tu hapa duniani ambacho hakikuwa cha kukulea wewe, wala kumtunza Bibi, wala cha shule. Nikaona nacho kinahama mikononi mwangu.

Sabas alikusikia mwezi mmoja baadaye, ulipompelekea gitaa akakaze kigingi kilicholegea. Alinijia mbio, masizi usoni.

"Dada Editha, huyu mtoto ulimficha wapi?"

"Nani?"

"Koleta! Wewe unapiga sawasawa, sikatai. Lakini yule anapiga kama anasimulia kitu. Mlete mazoezini Jumamosi. Tamasha la vijana kule Ngara mjini tumpe nyimbo mbili, wewe upige zilizobaki."

"Ana miaka kumi na mbili."

"Gitaa haliulizi umri."

Nilisema sawa. Nilisema sawa kwa sauti ile ile ya upole.

Ijumaa mchana ulikwenda mtoni kuchota maji. Nilitoa ile spana ndogo ya pembe ambayo Sabas aliniachia. Pale nyuzi zinapolalia, chini ya gitaa, kuna viskrubu vidogo, viwili kwa kila uzi. Ukivizungusha huku, nyuzi zinashuka karibu na shingo, na hata mtoto anaweza kubonyeza. Ukivizungusha kule, zinapanda. Nilivizungusha kule. Nilihesabu mizunguko ili nijue namna ya kurudisha. Halafu nikautoa uzi mnene, nikaweka ule waya wa klachi ya pikipiki ambao Fili alituletea zamani uzi ulipokatika, kabla hatujapata wa kweli. Unaukumbuka: mgumu, una ncha za chuma zinazochoma. Uzi wa kweli niliukunja, nikauweka chini ya vitenge vyangu.

Hayo niliyafanya kwa mikono ile ile iliyokubeba.

Jumamosi unaijua. Lakini unaijua kwa upande wako, na upande wako ni uongo niliokutengenezea. Ulivaa mkanda wa gitaa, ule nilioutengeneza kutoka mkanda wa kiti cha gari bovu, ukaufupisha hadi tundu la mwisho. Sabas akahesabu. Ulibonyeza, na sauti ikafa. Ukabonyeza tena kwa nguvu, ikakoroma. Ukaweka mkono wa pili juu ya wa kwanza kusaidia. Fili akacheka, hakuwa na nia mbaya, "Ongeza ugali, mtoto!" Ukaendelea. Ulijaribu mara nne. Kidole cha shahada kikachanika, damu ikabaki kwenye shingo ya gitaa.

Sabas akaja akashika zile nyuzi. "Mbona zimepanda hivi?"

"Ni mvua," nikasema. "Shingo imevimba."

Aliniangalia. Yule ni fundi, anajua kinachovimba na kisichovimba. Lakini nami nilikuwa Editha mpole, na nani angewaza? Akakugeukia wewe, na kabla hajasema kitu nikasema mimi, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza ilisikika karakana nzima: "Vidole vyake vifupi. Labda akikua."

Uliinua mkono wako ukautazama. Uliutazama mbele na nyuma, kama kitu ulichouziwa sokoni ukagundua kina kasoro. Kisha ukauficha kwenye mfuko wa sketi. Hukulia. Heri ungelia.

Vidole vyako si vifupi, Koleta. Tulipokuwa tunamenya maharage Jumatatu hii nilivilinganisha na vyangu bila wewe kujua. Cha kati kimeshanipita.

Jioni ile nilirudisha viskrubu, mizunguko ile ile. Nikarudisha uzi. Siku ya tamasha nikaenda nikapiga nyimbo zote, na usinikasirikie nikikuambia kwamba nilipiga vizuri. Pale mahali wimbo unapopanda nilipita bila kukosea. Nilipomaliza, mshereheshaji akamtaja Sabas, akamtaja Fili, halafu akasema "na yule dada wa nyuma". Watu wakapiga makofi. Nikiwa njiani kurudi, nimebebwa kwenye pikipiki na gitaa mgongoni, nilitambua kwamba gitaa lilikaa pale pale ulipokuwa ukikaa wewe, na kwamba lilikuwa jepesi kuliko wewe, na halikusema kitu.

Mama yako alikuwa amekuita miaka miwili. Kila alipopiga simu ulijibu, "Nipo na mama mdogo, nitakuja likizo." Nilikuwa naringa moyoni. Nilikuwa na uchungu na dada yangu, na bado ninao: yeye anakuita mwanangu kwa simu, mimi nilikuita hivyo nikiwa nimekupangusa makamasi. Wiki moja baada ya Jumamosi ile, simu yake ililia tukiwa tunakula, na ukasema, "Nitakuja. Nitasoma sekondari huko."

Bibi aliweka kijiko chini. "Mwana wanje, mwanangu, nani amekuudhi hapa?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi huko Nyarubungo unafuata nini? Watu wa huko ni wa ng'ombe. Utakwenda kukama?"

"Nitajifunza kukama," ukasema. Halafu ukageuka kwangu, polepole, "Mama mdogo, huku nafanya nini?"

Ulikuwa unaniuliza kweli. Ulitaka nikupe jibu moja. Nilikuwa nalo chini ya ulimi. Nikasema, "Mama yako naye ana haki," na Bibi akanitazama kama amesikia mtu mgeni akiongea kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo unaondoka na kitu kisicho chako. Unaondoka ukiamini kuna jambo ulilipenda na mwili wako ukakukataa. Nimeogopa sana hilo. Naogopa utafika huko, mwalimu atakupa hesabu ngumu, mtu atakupa kazi usiyoijua, na utautazama tena mkono wako namna ile. Mtu akikupa chombo, awe nani, hata awe mimi, kikague kabla ya kujilaumu. Tazama urefu wa nyuzi. Uliza nani alikuwa nacho jana. Hili nimelijua kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nacho jana.

Nilifikiria kukufungia gitaa kwenye mzigo wako kama fidia. Nililitoa, nikalifuta, nikalizungushia shuka. Halafu nikalifungua. Sikupi gitaa, Koleta. Nimejilazimisha nikashindwa. Bado nalitaka, bado ndilo kitu changu cha pekee, na nikikupa leo nitakuwa nanunua msamaha halafu nakuchukia kwa sababu ya bei. Nimekudanganya vya kutosha, sitakudanganya kwamba mimi ni mwema. Sabas nimemwambia asubuhi hii kwa mdomo wangu nilichofanya. Alizima mashine ya kuchomelea, akakaa juu ya ndoo. Alisema, "Nilijua kuna kitu, nikaona aibu kukuuliza." Kisha akasema hajui kama anataka nirudi kwenye bendi. Ana haki. Nilipofika kwa Fili kumwambia habari ya spika ya kanisani, alinyamaza. Fili, akanyamaza. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Gitaa liko kitandani kwangu. Leo nimefunga nyuzi nne mpya, zile nilizokuwa nikizitunza, na nimezishusha hadi karibu ziguse shingo. Gari halipiti hapa kabla ya saa mbili asubuhi. Ukitaka, kaa juu ya kitanda, upige ule wimbo, pale unapopanda, usikie kama ni vidole. Nitatoka ndani kama hutaki niwepo.

Baada ya hapo fanya utakavyo. Ukitaka kwenda, nenda. Mama yako anakungoja, na hata mimi mwenye uchungu najua anakupenda kwa namna yake. Ila usiende kwa sababu ya ile Jumamosi. Ukitaka kubaki, Bibi ataomboleza sketi na nauli kwa siku mbili na yataisha. Na ukitaka kunitukana, nitukane. Usiniambie umenisamehe eti kwa sababu gari linaondoka na watu hawapendi kuachana vibaya. Mimi nimekufundisha kunyamaza ili mambo yawe mazuri. Naomba usinirudishie hilo.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, kati ya nguo, uisome ukiwa umeshavuka Biharamulo mjini na mimi niko mbali. Nimeiweka hapo mara mbili. Nimeitoa mara mbili.

Namsikia Bibi akisalimiana na mtu pale njia panda, nawe unacheka kitu. Ndoo ya maji haina kitu, na miguu yangu imeshaanza kutafuta njia ya mtoni. Siendi. Nitasimama hapa mlangoni, nikupe mkononi, na uisome nikiwa mbele yako.

Mama yako mdogo,
Editha